Kutoka Ziwa Victoria hadi Ungwana: Darubini Kubwa na Anga la Ikweta

Ukubwa wa darubini hutajwa kwa upana wa lenzi au kioo chake, kwa sababu kazi yake ya kwanza ni kukusanya mwanga. Kukuza umbo la kitu huja baadaye. Mboni ya jicho iliyopanuka gizani ina upana wa milimita 7 hivi. Darubini ya mkononi yenye lenzi za milimita 50, kama zile wanazovaa shingoni waongoza watalii wanaoingia Serengeti kwa upande wa Bunda, hukusanya mwanga mara 50 zaidi ya jicho. Kila kimoja cha vioo vinne vya mita 8.2 vilivyopo Paranal, nchini Chile, hukusanya zaidi ya mara milioni moja. Jirani na hapo, juu ya mlima Cerro Armazones, inajengwa darubini yenye kioo cha mita 39.

Mashine hizo zote hutumia vioo. Lenzi hushikwa ukingoni tu, kwani mwanga lazima upite katikati, na ikiwa pana mno hupinda kwa uzito wake yenyewe. Lenzi ya kituo cha Yerkes huko Marekani, iliyoanza kazi mwaka 1897, ina upana wa mita 1.02, na tangu hapo hakuna kubwa kuliko hiyo iliyodumu kazini. Kioo hakina shida hiyo: huungwa mkono kwa nyuma, tena kinaweza kutengenezwa kwa vipande vingi vinavyopangwa pamoja.

Kioo kikishapatikana, huja suala la kukiweka mahali panapofaa, na hapo ndipo fedha nyingi huokolewa au hupotea. Mkoa wa Mara ni mfano mzuri wa kupimia jambo hili, maana una sifa adimu na kasoro kubwa kwa pamoja.

Sifa yake ni latitudo. Musoma ipo nyuzi 1 na nusu kusini mwa ikweta. Butiama na Bunda zinakaribia nyuzi 2. Mtu aliye hapo huweza kuona karibu nyota zote za anga katika muda wa mwaka mmoja, za kaskazini na za kusini. Jioni za mwezi Mei, Msalaba wa Kusini husimama upande mmoja na nyota saba za Dubu Mkubwa upande wa pili, kwa wakati mmoja. Kinachokosekana ni kipande kidogo tu karibu na ncha ya kaskazini, pamoja na ile Nyota ya Kaskazini waliyoitegemea mabaharia wa Ulaya, ambayo Musoma haichomozi kamwe. Paranal, kwa kuwa ipo nyuzi 24 na nusu kusini, hupoteza eneo pana zaidi la anga la kaskazini. Isitoshe, kitovu cha galaksi yetu hupita juu sana angani katika usiku wa Juni hadi Agosti, ambayo ndiyo miezi ya kiangazi mkoani.

Kasoro zake zinatokana na Ziwa Victoria, lile lile linalolisha mkoa. Mchana, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Upepo huvuma kutoka ziwani, hupanda kuelekea miinuko ya mashariki, na mawingu ya radi hujikusanya huko alasiri. Usiku mambo hugeuka. Hewa ya nchi kavu hupoa na kushuka kuelekea ziwani kutoka pande zote, hukutana juu ya maji yaliyobaki na uvuguvugu, na ngurumo husikika ziwani hadi alfajiri. Wavuvi wanaijua hali hiyo vizuri kuliko mtaalamu yeyote wa hewa. Kwa mwenye darubini, maana yake ni mawingu, unyevu na umande juu ya kioo, hata katika usiku usio na mvua. Hewa yenye misukosuko huongeza tatizo lingine: mwanga wa nyota hutikiswa unapoipita, na picha hutoka na ukungu hata kama kioo ni kizuri namna gani. Nyota kumetameta hupendeza macho, lakini mwanaastronomia huona humo taarifa zinazopotea.

Tena kuna karabai. Uvuvi wa dagaa hufanywa usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, kwa sababu taa huvuta samaki vizuri zaidi pasipo mbalamwezi. Siku hizi taa nyingi ni za betri na sola badala ya mafuta ya taa, na mwanga wake ni mweupe na mkali. Usiku ule ule ambao mwanaastronomia angeutamani, upeo wa ziwa mbele ya Musoma huwa na safu ya taa kama mji. Hakuna wa kulaumiwa hapo; dagaa ni chakula na ni biashara, nyota zinaweza kungoja. Anayetaka giza kamili aende kilomita chache kuelekea bara, upande wa Butiama au mbuga za Bunda, na Njia Nyeupe itaonekana bila kifaa chochote.

Kasoro hizi si za Mara peke yake. Ukanda wote wa ikweta una hewa inayopanda, na hewa inayopanda huleta mvua. Hewa hiyo hushuka tena ikiwa imekauka katika latitudo za nyuzi 20 hadi 30 hivi, na huko ndiko kwenye majangwa. Ndiyo sababu darubini kubwa zimejazana katika jangwa la Atacama nchini Chile. Nyingine zipo kilele cha Mauna Kea huko Hawaii, mita 4,205 juu ya bahari, ambapo sehemu kubwa ya hewa na mawingu huachwa chini. Barani Afrika darubini kubwa kuliko zote ya mwanga wa kawaida, SALT, ilizinduliwa mwaka 2005 karibu na mji mdogo wa Sutherland, katika nyika kavu ya Karoo, Afrika Kusini. Kioo chake kina vipande 91 na upana wa mita 11 hivi. Karibu zaidi na Afrika Mashariki, Ethiopia imeweka darubini mbili za mita 1 kwenye milima ya Entoto, kwenye kimo cha mita 3,200 hivi. Kimo hicho ni kizuri. Taa za Addis Ababa zilizo chini yake si nzuri.

Mawimbi ya redio hayajali mawingu. Sahani kubwa inayopokea redio kutoka angani hufanya kazi mchana na usiku, mvua ikinyesha au jua likiwaka, na adui yake mkubwa ni simu, redio na rada za watu. Kwa hiyo sahani 64 za MeerKAT, zilizozinduliwa Julai 2018, zimetawanywa katika Karoo hiyo hiyo, mbali na minara ya simu. Zitaunganishwa na sahani nyingine hadi kufikia 197 katika mradi wa kimataifa wa SKA. Kenya ni miongoni mwa nchi washirika wa mradi huo barani Afrika, na kwa muda mrefu umekuwepo mpango wa kugeuza sahani ya zamani ya mawasiliano ya Longonot, katika Bonde la Ufa, iwe darubini ya redio. Ghana ilifanya hivyo kwa sahani yake ya Kuntunse, iliyozinduliwa kwa kazi hiyo mwaka 2017.

Ipo mionzi mingine ambayo mlima wala jangwa haviisaidii. Mionzi ya eksirei, ile inayopiga picha za mifupa hospitalini, hupenya nyama ya mwili lakini haipenyi hewa yote ya dunia. Ikitoka angani humezwa juu kabisa, na hakuna hata chembe inayofika ardhini. Ili kuiona lazima chombo kiende nje ya hewa. Tarehe 18 Juni 1962, roketi ndogo ilirushwa kutoka jangwa la New Mexico, Marekani, ikiwa na vihesabu mionzi vilivyotengenezwa na kikundi cha Riccardo Giacconi, mwanafizikia Mwitaliano, kwa ushauri wa Mwitaliano mwenzake, Bruno Rossi. Ilikaa juu kwa dakika zisizozidi 6 za manufaa. Katika muda huo ilikuta chanzo kikali cha eksirei katika kundinyota la Nge, chanzo ambacho hakuna aliyekitarajia. Miaka iliyofuata roketi za namna hiyo ziligundua vyanzo vingine kadhaa, kila moja ikiwa na dakika chache tu za kutazama. Ilihitajika setilaiti ya kukaa juu kwa miaka.

Setilaiti hiyo ilirushwa kutoka pwani ya Waswahili. Kaskazini mwa Malindi, katika Ghuba ya Ungwana mkabala na kijiji cha Ngomeni, Italia ilikuwa imesimamisha majukwaa mawili ya chuma baharini: San Marco, la kurushia roketi, na Santa Rita, la waongozaji. Kazi hiyo ilisimamiwa na Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha Roma, chini ya makubaliano ambayo Marekani ilitoa roketi zake aina ya Scout. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa uzuri wa fukwe. Ni nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi kwenye ikweta kuliko kwingineko: karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayoelekezwa mashariki hupewa kasi hiyo bure, na Scout haikuwa roketi yenye nguvu za kuchezea. Mashariki ya Ungwana pia hakuna kitu ila Bahari ya Hindi, ambamo vipande vya roketi huanguka bila kumdhuru mtu.

Faida ya tatu ilikuwa muhimu zaidi kwa eksirei. Dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zenye nguvu zilizonaswa na usumaku wake, na mkanda mmoja hushuka chini juu ya Atlantiki ya Kusini, upande wa Brazil. Setilaiti inayopita hapo hupigwa na chembe nyingi kiasi kwamba vihesabu mionzi vyake hupofuka. Inayozunguka karibu kabisa na ikweta hugusa ukingo tu wa eneo hilo. Yaani ikweta ile ile inayoinyima Mara anga kavu ndiyo iliyohitajiwa na darubini za eksirei.

Urushaji ulifanyika tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Kiongozi wa mradi alikuwa Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA, mwanamke wa kwanza kusimamia urushaji wa setilaiti katika shirika hilo. Ni yeye aliyeipa jina la Uhuru, kwa heshima ya wenyeji na sikukuu yao. Katika vitabu vya astronomia vya lugha zote jina hilo limebaki hivyo hivyo, bila tafsiri.

Uhuru ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi, na haikuwa na kioo wala lenzi. Eksirei hupenya au humezwa na kioo cha kawaida, kwa hiyo watengenezaji walitumia masanduku mawili yenye gesi, yakitazama pande zinazokinzana. Eksirei ikiingia na kugonga atomi ya gesi, hung'oa elektroni, na msukumo mdogo wa umeme huhesabiwa. Mbele ya kila sanduku kulikuwa na vijimrija vya chuma vilivyoruhusu mionzi ya upande mmoja tu kuingia. Setilaiti ilijizungusha taratibu, mara moja kwa takriban dakika 12, na chanzo kilipopita mbele ya vijimrija hesabu ilipanda, kisha ikashuka. Hiyo ndiyo picha yote iliyotoa: mstari unaopanda na kushuka. Ni chombo cha kawaida mno, na kilileta mavuno kuliko vingi vilivyokuwa na fahari zaidi.

Ilizunguka dunia kwenye kimo kinachozidi kidogo kilomita 500, kila mzunguko ukichukua saa moja na nusu na ushei, kati ya nyuzi 3 kaskazini na nyuzi 3 kusini. Njia hiyo iliipitisha tena na tena juu ya Ziwa Victoria, na mara nyingine juu ya Musoma na Bunda penyewe, hadi kazi yake ilipokoma Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei.

Vyanzo viwili kati ya hivyo vilibadilisha elimu ya nyota. Cha kwanza kipo katika kundinyota la Kantarusi, jirani na Msalaba wa Kusini, nacho huitwa Centaurus X-3. Uhuru iliona kwamba eksirei zake hupiga kwa mapigo, moja kila sekunde 4.8, na kwamba kila baada ya siku 2.1 hupotea kwa muda wa saa kadhaa, kisha hurudi. Maelezo yaliyolingana na hali hiyo ni moja: chanzo ni nyota ndogo iliyogandamizwa sana, nyota ya nyutroni, inayozunguka nyota kubwa na kufichwa nyuma yake kila mzunguko. Gesi hutoka kwenye nyota kubwa na kuiangukia ndogo, na katika kuanguka huko hupata joto la mamilioni ya nyuzi hata ikatoa eksirei. Kabla ya hapo haikujulikana kwa hakika nguvu yote hiyo inatoka wapi. Jibu lilikuwa mvutano.

Cha pili, Cygnus X-1, kipo katika kundinyota la Dajaja. Hiki hakikuwa na mapigo ya mpangilio. Kilipepesa ovyo, kikibadilika katika muda usiofika sekunde moja. Kitu kinachoweza kubadilika haraka hivyo lazima kiwe kidogo, maana sehemu zake haziwezi kubadilika kwa pamoja haraka kuliko mwanga unavyokivuka. Lakini vijimrija vya Uhuru havikuweza kuonyesha hasa ni nyota ipi. Msaada ulitoka kwenye sahani za redio za Westerbork nchini Uholanzi na Green Bank nchini Marekani, ambazo mwaka 1971 zilipata chanzo kipya cha redio katika eneo hilo, kilichojitokeza wakati ule ule eksirei zilipobadilika. Mahali pake palilingana na nyota ya buluu yenye namba HDE 226868. Hapo ikawa zamu ya vioo. Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton nchini Kanada, walipima mwendo wa nyota hiyo na kukuta inayumbishwa kila siku 5.6 na mwenzi asiyeonekana, mzito kuliko nyota yoyote ya nyutroni inavyoweza kuwa. Ndicho kitu cha kwanza kukubalika kwa upana kuwa shimo jeusi. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2021 vinalipa uzito wa Jua mara 21, kwa umbali wa miaka ya nuru 7,200 hivi.

Nyota hiyo ya buluu inaweza kutazamwa kutoka Butiama. Jioni za Agosti na Septemba Dajaja huwa upande wa kaskazini, zaidi ya nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini, na darubini ndogo yenye upana wa sentimita 10 inatosha, kwa mwenye ramani ya nyota na subira. Shimo lenyewe, bila shaka, halionekani.

Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Darubini za eksirei zilizofuata zilikuwa na vioo vya aina ya pekee, ambavyo mionzi huvipitia kwa kuparaza tu hadi kukutanishwa mahali pamoja. Maarufu zaidi ni Chandra, iliyorushwa Julai 1999. Ungwana nako kazi iliendelea kwa muda. Kutoka San Marco ziliruka SAS-2 ya mionzi ya gama mwaka 1972, Ariel 5 ya Waingereza mwaka 1974 na SAS-3 mwaka 1975. Setilaiti zilizorushwa hapo kwa jumla ni tisa, ya mwisho Machi 1988. Baada ya hapo majukwaa yakabaki na kutu.

Kituo cha nchi kavu karibu na Malindi, kinachobeba leo jina la Luigi Broglio, hakikufungwa. Sahani zake hupokea habari kutoka kwa darubini zinazopita juu. BeppoSAX ya Italia, iliyozunguka karibu na ikweta, ilitegemea Malindi; ndiyo iliyogundua, Februari 1997, mwanga wa eksirei unaobaki baada ya mlipuko wa mionzi ya gama, na hivyo kuwaonyesha wenye darubini nyingine mahali pa kutazama. Swift na NuSTAR zimetumia kituo hicho pia. Hata darubini ya Webb, yenye kioo cha mita 6.5 kilichokunjwa ndani ya roketi, iliporushwa kutoka Kourou, Amerika Kusini, tarehe 25 Desemba 2021, iliachana na roketi yake karibu na Pembe ya Afrika, na Malindi ndiko waongozaji walikopitishia mawasiliano yao ya mwanzo nayo.

Wiki mbili kabla ya hapo ilikuwa imeruka darubini nyingine isiyotajwa sana, IXPE, ya Marekani na Italia. Iliondoka Florida saa tatu asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, tarehe 9 Desemba 2021, siku Tanzania Bara ilipotimiza miaka 60 ya uhuru. Safari hii hakuna aliyeipanga tarehe kwa ajili ya sikukuu, imetokea tu. IXPE hukaa juu ya ikweta yenyewe, ikipita juu ya Ziwa Victoria mara 14 hivi kwa siku, na kila ipitapo hufika juu ya pwani ya Somalia katika muda wa dakika mbili hivi. Kituo chake kikuu cha kupokea data ni Malindi.

Inachopima IXPE ni uelekeo ambao mawimbi ya eksirei hutikisika, jambo ambalo Uhuru haikuweza. Mei 2022 ilielekezwa kwa siku kadhaa kwenye Cygnus X-1. Ilikuta kwamba asilimia 4 hivi ya eksirei zake zimepangwa kuelekea upande mmoja, ule ule ambao chanzo hicho hutupia mkondo wake wa chembe unaoonekana kwa darubini za redio. Kutokana na hilo watafiti walihitimisha kwamba gesi ya moto sana inayotoa eksirei hizo haikai ndani ya mkondo huo. Imetandaa ubavuni mwa shimo jeusi, katika bapa lile lile ambamo gesi ya nyota ya buluu huzunguka kabla ya kumezwa.